Chumba Alichozaliwa Mchumba Wangu

Mimi nyumba kubwa siziamini. Wanangu hunicheka kwa hilo, maana wao wakipata nafasi ya kuingia katika hoteli za Malindi hutembea kidevu juu kana kwamba wao ndio wenye mali. Mimi nikiingia mahali penye kuta nene na dari iliyo mbali, jambo la kwanza natafuta mlango wa kutokea. Ugonjwa huu sikuzaliwa nao. Niliupata katikati ya miaka ya themanini, siku nilipopelekwa mimi na mamangu kuitazama nyumba ya liwali, upande wa Malindi, ili tuone ukumbi ambamo karamu ya harusi yangu ingefanyika.

Niliingia mle nikiwa mchumba wa mtu. Kabla hatujaimaliza nusu ya nyumba nilikuwa na hofu moja tu, kwamba nitatoka nikiwa si mchumba tena.

Wakati huo nilikuwa nikisomesha shule ya msingi Takaungu, mji niliokulia. Mchumba wangu alikuwa mpimaji ardhi, ofisi yake Kilifi. Alikuja shuleni kutuwekea mawe ya mpaka, kisha akarudi wiki iliyofuata kudai kwamba jiwe moja limehama. Jiwe halikuwa limehama. Nilimwambia hivyo mbele ya mwalimu mkuu, naye akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani, na tangu siku hiyo nikawa nasikiliza mlio wa pikipiki yake kila adhuhuri. Nilimpenda. Nasema waziwazi kwa sababu baadaye watu wengi walinishauri niseme kwamba hayakuwa mapenzi, ni damu tu zilivutana. Watu wa maneno matamu hawakosekani, hasa wakati mwenzao ana msiba.

Posa ilikuja kutoka Mombasa, kwa watu wa babake, ambako ndiko alikolelewa. Mamake alifariki yeye akiwa mdogo, hata sura yake haikumbuki. Babangu naye alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hivyo ami zangu ndio waliokaa barazani kupokea wageni. Waliuliza ukoo wa babake, dini yake na kazi yake, wakaridhika. Mamangu nyuma ya pazia alipiga vigelegele kabla hata sharubati haijatoka. Kuukeni kwake hakuna aliyeuliza. Kwetu anayeoza binti huuliza kuumeni, akishapata jibu zuri huko haendi mbali zaidi, na hapo ndipo sote tulipokosea.

Zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya harusi, likaja gari kutoka Malindi na salamu za mama mkubwa wake, yaani dada mkubwa wa marehemu mamake. Ndipo tukajua kwamba mama huyo na marehemu walikuwa mabinti wa liwali. Liwali alikuwa mkubwa wa mji tangu enzi za Sultani, na Waingereza walipokuja walimwachia kiti chake. Mwanawe wa kiume aliingia katika siasa za uhuru, akawa mtu ambaye watu humsubiri nje toka alfajiri wapate kumweleza shida zao. Kisha upepo wa siasa ukageuka, ukoo ukatawanyika, na nyumba ikabaki na popo. Sasa ilikuwa imekarabatiwa. Mafundi waliletwa kutoka Lamu, Wazungu wajuzi wa majengo ya kale wakaja na kamba zao za kupimia, na watu wakawa wanakwenda kuitazama kama waendavyo kutazama magofu ya Gede. Mama mkubwa alitaka karamu ya mtoto wa dadake iwe ya kwanza humo, mji ujue kwamba nyumba haikufa.

Mamangu alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Dereva alipoitaja nyumba, mkono wake ukasimama. Hakuuliza watu watakuwa wangapi wala watapika akina nani, maswali ambayo mwanamke yeyote wa Takaungu angeyauliza kabla ya kuvuta pumzi. Alinigeukia mimi.

"Huyu mchumba wako kazaliwa wapi?"

Nikamwambia Mombasa. Sikuwahi kumuuliza mwenyewe, lakini mtu aliyelelewa Mombasa utasema kazaliwa wapi? Mamangu aliniuliza tena wakati wa chakula, akaniuliza tena asubuhi yake akinisuka nywele, na vidole vyake kichwani mwangu vilikuwa baridi. Mara hiyo nikamjibu kwa ukali kwamba nimeshamwambia Mombasa, kama hataki akamuulize kadhi. Akasema, "Haya, mwanangu, Mombasa," na akaendelea kusuka, lakini mistari ilikwenda kombo, ikabidi afumue aanze upya.

Watu wa huku walikuwa wakisema nyumba ile ina wenyewe, wasioonekana. Nilijaribu kujituliza kwamba mamangu anaogopa mashetani, ingawa nilijua sivyo. Mamangu alikuwa mwanamke wa kumuua nyoka kwa mwiko, kisha akauosha mwiko na kuendelea na mchuzi wake. Kitu cha kumtia hofu mtu kama huyo sikukijua, na kutokijua ndiko kulikoninyima usingizi.

Siku ya kwenda tulitumiwa gari, Pijo nyeupe yenye mapazia madirishani. Daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, tukavuka kwa feri. Abiria wote wanashuka hapo, wananyoosha miguu, wananunua korosho, lakini mamangu alikataa kushuka. Alibaki garini na pazia limefungwa, midomo ikicheza. Nilirudi nikamkuta anasoma Ayatul Kursiyu, akifika mwisho anaanza tena. Dereva, mtu wa bara, mpole sana, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mama anaogopa maji. Nikamwambia ndiyo.

Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kuikosea haki. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya mpaka macho yanauma, lango la nakshi limepakwa mafuta, na boriti za dari zimechongwa upya na kutiwa rangi nyekundu kama zamani. Lakini ilikuwa na unadhifu wa maiti aliyekwisha kuoshwa. Hakukuwa na harufu ya mchuzi wala kilio cha mtoto, na hata kikapu cha kitunguu hukukiona. Mlangoni alikaa mwangalizi, mzee wa makamo mwenye kofia ya kiua, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wageni vyumba na kuwakataza kugusa.

Mama mkubwa alitupokea ukumbini. Alikuwa mrefu, bangili za dhahabu hadi karibu na kiwiko, na alinukia udi. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba na kunishika kidevu kunigeuza huku na huku, nikajiona kama papai sokoni. Mamangu, ambaye ni rika lake, aliupokea mkono wake kwa mikono miwili akaubusu. Sikuwahi kumwona akimfanyia hivyo mtu yeyote, hata sheikh wetu. Mama mkubwa aliuacha mkono ubusiwe bila kushangaa. Nilikasirika hata masikio yakapata moto, nikasema moyoni kwamba nikishaolewa nitaikomesha heshima ya namna hii.

Alituonyesha ukumbi, mahali nitakapokaa mimi na mahali watakapokaa wake za wakubwa wa serikali. Halafu akatuonyesha picha za ukutani. Kulikuwa na liwali na Gavana wamekaa viti sawasawa. Kulikuwa na mwanawe wa siasa akikata utepe, akihutubia, akicheka na watu ambao sote tulizijua sura zao. Kati ya picha mbili palikuwa na nafasi tupu, chokaa yake nyeupe kuliko pengine, na msumari bado umo. Mwangalizi alipofika hapo aliruka neno kama mtu arukavyo dimbwi. Miaka ile hukuuliza picha ya nani imeondolewa, wala hukuangalia msumari kwa muda mrefu. Mama mkubwa alipita pale bila kubadili sauti, na nikawaza kwamba mwanamke huyu amezoea kupita mbele ya mambo.

Kutoka ukumbini tukaingia ndani. Nyumba za kale za mawe hujengwa chumba nyuma ya chumba, na kila unapovuka mlango mwanga unapungua. Kwenye mlango wa kwanza mamangu aliinua buibui, akanyanyua mguu juu sana, kama mtu anayevuka gogo. Hakukuwa na kitu. Mguu ulitua sakafuni kwa kishindo na angeanguka kama sikumdaka.

"Pole, mkwe," akasema mama mkubwa. "Hapa kweli palikuwa na kizingiti kirefu. Mafundi wamekitoa, wageni wasijikwae."

Kisha akatuacha, akaenda kumwagiza mwangalizi atuletee madafu. Alikuwa hakufikiri neno lake. Mimi nililifikiri. Mkono wa mamangu ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Mama," nikasema, "umewahi kuingia humu."

Alitazama kule mama mkubwa alikopotelea, ndipo akanieleza, haraka na kwa kunong'ona, mambo aliyoyafunga kifuani tangu kabla sijazaliwa.

Nilijua kwamba kabla yangu kulikuwa na mtoto wa kiume, na kwamba alikufa hata arubaini hajatimiza. Zaidi ya hayo sikujua, kwa sababu nyumbani hakuna aliyemtaja. Mamangu aliniambia kwamba mtoto alipozikwa maziwa hayakukatika. Aliyakama, akayafunga kwa kanga, yakazidi kuja. Wakati huo huo watu wa liwali walikuwa wakizunguka miji ya pwani kimyakimya, wakitafuta mwanamke mwenye maziwa asiye na mtoto. Mmoja wa mabinti wa liwali alikuwa amejifungua na kushikwa na homa kali, hawezi kunyonyesha. Mamangu akachukuliwa. Alikaa mle mpaka mwenye mtoto akapata nafuu, analala chini kando ya kitanda, anamnyonyesha mtoto kila alipolia, usiku na mchana. Binti yule wakimwita bibi mdogo tu, na mumewe ni nani, wa mji gani, mtumishi haambiwi wala haulizi. Siku ya kuondoka alipewa doti ya kanga na akaambiwa asimwambie mtu, kwa kuwa hawakutaka isemwe mtaani kwamba mjukuu wa liwali amekuzwa kwa ziwa la mke wa mvuvi. Hakumwambia mtu, na kwetu alijulikana tu kuwa alikwenda kuuguza.

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze. Ziwa ni kama damu. Mtoto aliyenyonya kwa mwanamke akashiba siku hadi siku huwa ni mwanawe, na watoto wote wa mwanamke huyo, waliozaliwa kabla na watakaozaliwa baada, huwa ni ndugu zake. Ni maharimu. Hawaoani, na wakioana ndoa hiyo si ndoa.

Nilimwambia mamangu kwamba liwali alikuwa na mabinti wengi na wajukuu tele. Nilimwambia mchumba wangu ni wa Mombasa. Nilisema maneno mengi.

"Nami najiambia hayo tangu juzi," akasema. "Yule mtoto alikuwa hanyonyi mpaka anishike sikio. Akilikosa hulia."

Mchumba wangu, akisoma au akiwa na hesabu ngumu, hushika sikio lake la kushoto na kulivutavuta. Nilikuwa nimemtania kwa hilo, nikamwambia litarefuka kama la sungura. Sikumwambia mamangu kitu. Nikawa nasikia kila kitu kutoka mbali, hata bangili za mama mkubwa zilipoanza kulia zikirudi.

Kama ningekuwa na akili ningesema naumwa na kichwa, tukaondoka. Lakini bi harusi mtarajiwa hakatai kuonyeshwa nyumba ya wakweze, na zaidi ya hayo kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotaka kufika mwisho, kama vile mtu anavyolibonyeza jipu huku akijua litauma. Tukanywa madafu tukiwa tumesimama. Tukafuata. Chumba cha kwanza kilikuwa cha liwali mwenyewe, cha pili cha wageni wa heshima. Kila mama mkubwa alipofungua kinywa kuanza hadithi ya chumba, nilisogea karibu nisikie, na hadithi ilipokwisha bila kumtaja mtoto, nilipumua kidogo. Nilianza hata kutumaini. Mwangalizi aliitwa nje kuwapokea wageni waliowasili, tukabaki wanawake watatu.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha ndani kabisa. Hakikuwa na dirisha ila tundu juu karibu na dari, na ukuta mzima umejaa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Palikuwa na kitanda cha kale cha miguu iliyochongwa, kimezungushiwa kamba ili wageni wasikikalie. Mama mkubwa akaweka mkono begani mwangu.

"Na humu, mwanangu, ndimo alimozaliwa mumeo."

Mamangu akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama hakuzaliwa Mombasa. Mama mkubwa akacheka kwa mshangao wa kweli. Mimba ya kwanza, alisema, mwanamke huizalia wapi kama si kwao?

Sote twajua hivyo. Mamangu alinizaa kwa mamake Kikambala kwa sababu ya kifo cha yule wa kwanza, dadangu mdogo alikuja kuzalia kwetu Takaungu, na hakuna mwanamke wa pwani asiyejua kwamba uzazi wa kwanza hurejeshwa nyumbani kwa wazazi. Ila ami zangu waliuliza kuumeni, mimi nikajibu Mombasa, na furaha ikatufunga macho. Nilisimama pale nikitazama kamba iliyokizunguka kitanda. Sikulia. Hofu ilikuwa imemaliza kazi yake, na kilichobaki kilikuwa kizito tu, kama mzigo uliokwishapakuliwa miguuni pako.

Mamangu akaivuka kamba. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kushoto, akainama na kugusa sakafu.

"Nilikuwa nikilala hapa," akasema. "Mimi ndiye niliyemnyonyesha, bibi."

Mama mkubwa alitutazama, mmoja kisha mwingine, na nikaona amekwisha kufahamu yote, maana hakuwa mjinga. Kisha akageuka akaufunga mlango. Mbao zilikuwa nene na mwanga ukakatika, tukawa tunaonana kwa ule uliotoka tunduni. Hapo hofu ilinirudia, na ilikuwa ya aina nyingine. Hakuna aliyejua kwamba tumo mle isipokuwa dereva na mwangalizi, na wote wawili walikuwa watu wake.

Alizungumza taratibu, bila hasira. Alisema waliojua wamekwisha kufa wote, mamake, wakunga, na marehemu dadake. Yeye mwenyewe miaka ile alikuwa kwa mumewe Unguja, alisikia tu kwamba mtoto alitafutiwa ziwa. Kadi zimekwishagawiwa. Watakuja wakubwa ambao hawajaikanyaga nyumba hii tangu ndugu yake alipoanguka katika siasa, na wakija watu watajua kwamba uhasama umekwisha. Nyumba hii, alisema, imezika makubwa kuliko hili, na bado imesimama. Kisha akanigeukia mimi.

"Wampenda?"

Nikasema nampenda.

"Basi," akasema, kana kwamba shauri limekwisha.

Mamangu alinitazama. Nilijua kwamba ananingoja, na kwamba maisha yake yote hakuwahi kuwajibu watu wa nyumba hii. Nilihofia atanyamaza, na nilihofia hatanyamaza. Nikasoma bismillahi moyoni bila kujua naomba lipi. Yeye akainuka kutoka sakafuni, akaivuka kamba tena, akasimama kati yangu na mama mkubwa.

"Bibi, mliniambia ninyamaze nikanyamaza, kwa sababu aibu ilikuwa yenu. Hili si lenu. Hawa watazaa watoto. Wote wawili nimewanyonyesha mimi, siwezi kuwaoza wanangu."

Mama mkubwa akamwambia afikiri. Mamangu akajibu kwamba la kuvunda halina ubani, akaomba afunguliwe mlango. Mama mkubwa hakusogea. Alikuwa ameuegemea, bangili zake kimya, na sijui tungesimama vile mpaka lini. Nilikuwa nikiupima unene wa kuta zile na kufikiri kwamba hata nikipiga ukelele hautafika ukumbini.

Mlango ukasukumwa kutoka nje. Ni mwangalizi na kundi la Wataliani, kaptura na kofia za ukindu, kamera zimening'inia vifuani. Mama mkubwa akapepesuka, akajirekebisha na kutabasamu papo hapo, tabasamu lile lile la picha za ukutani. Wageni walidhani sisi ni sehemu ya maonyesho. Mwanamke mmoja akaomba kwa ishara atupige picha, watatu pamoja, na mwangalizi akatuambia tusogeleane. Huenda picha hiyo ipo mahali huko Ulaya, wanawake watatu wa Kiswahili mbele ya kitanda cha kale. Mamangu akanishika mkono, tukapita katikati yao, na kwenye ule mlango usio na kizingiti alinyanyua mguu tena.

Gari lile hatukulipanda. Tulitembea mpaka barabara kuu na kungoja basi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Ami zangu walimwita sheikh, naye akamuuliza mamangu alimnyonyesha mtoto mara ngapi, kwa kuwa katika madhehebu yetu mara tano zatosha. Mamangu alimtazama kama mtu aliyeulizwa amevuta pumzi mara ngapi. Sheikh akainamisha kichwa, na posa ikavunjika hapo, bila ugomvi, kwa neno la mtu mmoja mpole aliyekuwa akinywa kahawa yetu.

Mimi nilimkasirikia mamangu kwa muda mrefu. Nilimpa shikamoo yake asubuhi na mengine sikumpa. Nilijua kwamba amefanya sawa, na kujua hakukunisaidia.

Yule aliyekuwa mchumba wangu alikuja Takaungu siku chache baadaye, bila pikipiki, kwa miguu kutoka barabarani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Alisimama mlangoni akatoa shikamoo, ile ile aliyokuwa akiitoa siku zote kwa mkwe, na hakujua aendelee vipi. Mamangu akamkaribisha akae. Akakaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake. Halafu akamuuliza alikuwa akimwita nani, siku zile, alipokuwa mchanga.

Mamangu akamtajia jina. Lilikuwa jina la ndugu yangu aliyekufa, nami nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza. Alimwita kwa jina hilo tena, akamwekea mkono kichwani, akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekatazwa kulia tangu miaka ile. Nami nyuma ya pazia nikauma kanga ili nisisikike, kwa wivu, Mungu anisamehe, kwa sababu kila mtu alikuwa amepata mtu wake ila mimi.

Hivi sasa yeye ana mke, nami nina mume, mtu mwema. Wanangu humwita mjomba na kumpekua mifuko. Mamangu alipofariki, yeye alishuka kaburini pamoja na ami zangu kumpokea, kwa kuwa mwana humzika mamake. Huja nyumbani kwetu kila Idi. Mume wangu akitoka kidogo, hutuacha wawili sebuleni bila wasiwasi wowote, kwani ndugu na dada hawana haya.

Sheria inaniruhusu nivue mtandio mbele yake, kama mbele ya ndugu yeyote. Mume wangu hunitania, huuliza kichwa changu kina nini. Sijauvua hata siku moja. Naogopa atanitazama kama ndugu, na naogopa zaidi asiponitazama hivyo.